Jinsi ya kupima utunzaji katika nyumba ya wazee Marekani kabla ya kumkabidhi mzazi wako

Mara nyingi uamuzi huu huja bila hodi. Mama ameanguka na kuvunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji, na siku ya nne ofisa wa hospitali anaingia chumbani na karatasi yenye majina ya nyumba kumi na mbili za wazee, akiuliza familia imechagua ipi kwa sababu kitanda kinatakiwa kesho. Watoto wanatazamana. Kwetu sisi jina lenyewe la nyumba ya wazee lina aibu ndani yake, na aibu hiyo huwafanya wengi wachague haraka na kimya kimya, bila kumuuliza yeyote, kana kwamba kuuliza ni kukiri kosa. Kwa miaka 11 nimefanya kazi ya uhudumu katika nyumba za namna hiyo katika jimbo la Massachusetts, nikiwaogesha, kuwavisha na kuwalisha wazee wa watu, na nimeona familia za Wakenya, Watanzania na Wakongo zikimleta mzazi mahali ambapo hazijawahi hata kupafikia kabla ya siku hiyo. Ninachotaka zishike ni jambo moja: ubora wa nyumba ya wazee ni idadi ya watu wanaomgusa mzee kwa mikono yao, na muda ambao watu hao wamedumu pale. Karibu mengine yote, ama yanatokana na hilo, ama ni mapambo.

Kwanza jipatie muda. Sheria ya serikali kuu inaitaka hospitali iwape orodha ya nyumba na iheshimu uchaguzi wenu, kwa hiyo haina mamlaka ya kuwachagulia. Mgonjwa aliyelazwa mwenye Medicare, bima ya serikali kuu hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, ana pia haki ya kukata rufaa akiona anaruhusiwa kabla ya wakati, na karatasi inayoeleza namna ya kukata rufaa hiyo hutolewa hospitalini kwenyewe. Siku moja au mbili zinatosha kwa kazi nitakayoieleza, mradi ndugu wagawane: mmoja asome taarifa kwenye mtandao, wengine wazunguke kwa miguu.

Hakikisheni pia mnazungumzia kitu kimoja. Nyumba ya uuguzi, yenye wauguzi saa 24 na vitanda vya wagonjwa, husimamiwa na sheria ya mwaka 1987 inayotumika nchi nzima. Zile nyumba nyingine zinazofanana na hoteli, ambako mzee hupewa chumba chake na kusaidiwa kidogo kuoga au kumeza dawa, husimamiwa na kila jimbo kwa kanuni zake, na hazimo katika mfumo wa nyota nitakaouzungumzia. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anahitaji ya kwanza, hata kama ya pili ina ukumbi mzuri zaidi.

Nyota, na namna ya kuzisoma

Tangu mwishoni mwa 2008 serikali kuu imekuwa ikizipa nyumba za uuguzi nyota, kuanzia moja hadi tano, na matokeo yake yanapatikana bure katika ukurasa wa Care Compare kwenye tovuti ya Medicare. Nyota hizo hutokana na mambo matatu: ukaguzi unaofanywa na wakaguzi wa jimbo, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya afya ya wakazi. Tatizo ni kwamba familia nyingi hutazama nyota ya jumla na kuishia hapo, ilhali mambo hayo matatu hayana uzito sawa wa ukweli.

Vipimo vya afya ya wakazi ndivyo vya kuviamini kwa tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu sehemu yake kubwa hutokana na taarifa ambazo nyumba yenyewe hujaza kuhusu wakazi wake. Nimewahi kuona mzee akiandikwa kuwa hajaanguka wakati sote tuliokuwa zamu tulimwinua kutoka sakafuni. Nyota ya ukaguzi ni nzito zaidi, lakini nayo hutolewa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja tu: asilimia 10 ya juu katika jimbo hupewa nyota tano na asilimia 20 ya chini hupewa moja, hata kama jimbo zima linafanya vizuri au vibaya. Kwa hiyo ndugu aliyeko Texas na mwingine aliyeko Minnesota wasigombanie nyota za huku na kule. Hazipimwi kwa mizani moja.

Badala ya kuhesabu nyota, fungua ripoti ya ukaguzi yenyewe. Ukaguzi wa kawaida unapaswa kufanyika bila taarifa, na isipite miezi 15 kati ya mmoja na mwingine. Kila kasoro inayoandikwa hupewa herufi kuanzia A hadi L. Herufi za mwanzo ni mambo madogo au hatari ambayo bado haijamfikia mtu. Kuanzia G maana yake ni kwamba mkazi fulani amedhurika kweli, na J, K na L maana yake ni hatari ya haraka kwa maisha au afya. Nyumba yenye kasoro kumi na mbili za herufi D kuhusu makaratasi na jikoni yaweza kuwa salama kuliko yenye mbili tu ambazo ni G, moja ya kidonda na nyingine ya mkazi aliyeanguka. Soma maelezo yake, kwa kuwa wakaguzi huandika kisa kizima bila jina la mkazi: aliomba kupelekwa chooni saa ngapi, nani alijibu nini, ilichukua muda gani. Ukikuta kisa cha aina ile ile katika ripoti mbili zinazofuatana, hapo tatizo limekuwa tabia ya nyumba. Na ukikuta alama nyekundu ya kiganja karibu na jina la nyumba, alama iliyoanza kutumika 2019, elewa kwamba nyumba hiyo imetajwa kwa unyanyasaji wa wakazi.

Hesabu mikono

Nyota ya wafanyakazi ndiyo ninayoitazama kwanza, kwa kuwa hutokana na kumbukumbu za mishahara ambazo nyumba hulazimika kuwasilisha, na ni vigumu kuzipamba. Huko utaona saa za uuguzi na uhudumu kwa kila mkazi kwa siku, na tangu 2022 zimeongezwa pia saa za Jumamosi na Jumapili na kiwango cha wafanyakazi wanaoacha kazi. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya serikali kuu na kutolewa 2001 ulikadiria kwamba mkazi wa muda mrefu anahitaji takribani saa 4.1 kwa siku ili asidhurike kwa kukosa huduma. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kanuni ya kulazimisha angalau saa 3.48, lakini mahakama moja ya Texas iliibatilisha 2025. Sheria ya nchi nzima kwa hiyo inabaki kudai mambo machache: muuguzi aliyesajiliwa kwa saa nane mfululizo kila siku, muuguzi mwenye leseni muda wote, na wafanyakazi "wa kutosha", neno ambalo kila mwenye nyumba hulivuta upande wake.

Nitaeleza maana ya namba hizo kwa zamu moja. Chukua ghorofa yenye wakazi 30 na wahudumu watatu, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Kila mhudumu ana wazee kumi. Ukiondoa nusu saa ya mapumziko, zinabaki dakika 450, yaani dakika 45 kwa kila mzee kwa jioni nzima, na ndani ya dakika hizo kuna kumpeleka chooni mara mbili au tatu, kumlisha, kumsafisha, kumvua, kumvika nguo za kulalia na kumlaza, pengine kwa mashine ya kunyanyulia ambayo inataka watu wawili. Mhudumu mmoja akipiga simu kusema anaumwa na asipatikane wa kuziba nafasi yake, kila aliyebaki ana wazee 15 na dakika 30. Hapo ndipo nepi inapoachwa mpaka asubuhi, na chakula kinaporudi jikoni kikiwa kizima. Si kwamba mhudumu ana roho mbaya; hesabu yenyewe ndiyo imekwisha kumnyima mzee haki yake.

Kila nyumba inatakiwa na sheria ibandike kila siku, mahali pa wazi, idadi ya wakazi na idadi na saa za wauguzi na wahudumu wa kila zamu. Itafute karatasi hiyo mara unapoingia. Ikiwa ni ya juzi, au imefichwa nyuma ya ua la plastiki, umekwisha kujifunza kitu.

Kwenda kwa miguu, mara mbili

Ziara ya kwanza utaongozwa na mtu wa ofisi aliyevaa vizuri, naye atakuonyesha chumba cha mazoezi na bustani. Mshukuru, uliza kama nyumba inapokea Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ili mzee asihamishwe fedha zikiisha, kisha rudi peke yako Jumamosi au Jumapili, kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, wakati wakubwa hawapo na kazi ndiyo imepamba moto. Nyumba ambayo inakuzuia kabisa kuiona jioni ya Jumapili ningelifuta jina lake.

Simama kwenye korido na usikilize kengele za kuita wahudumu. Chagua taa moja iliyowaka juu ya mlango, tazama saa yako, na usiondoke mpaka mtu aingie. Dakika tano ni vizuri, kumi zinavumilika wakati wa chakula, na ishirini maana yake mzee aliyehitaji choo hakihitaji tena. Angalia pia kama anayeingia anazima taa tu na kutoka, au anafanya aliloitiwa.

Harufu ipime kwa haki. Mkojo unaonuka katika chumba kimoja asubuhi ni kazi inayoendelea. Mkojo unaonuka korido nzima jioni ni kazi iliyoshindikana. Manukato makali yaliyopulizwa kila mahali nayo yana swali lake.

Baada ya hapo watazame wazee wenyewe, nao ndio ripoti isiyoweza kuandikwa upya. Kucha zimekatwa na ni safi? Miwani iko usoni, na meno ya bandia yako mdomoni wakati wa kula, au vimesahaulika kwenye droo? Ndevu za wanaume zimenyolewa, na kina mama wamechanwa nywele? Jagi la maji liko pale mkono unapofika, na kamba ya kengele iko kitandani au imeanguka sakafuni? Wangapi wameegeshwa kwenye viti vya magurudumu mbele ya meza ya wauguzi, vichwa vimeinama, wakisinzia saa moja ya jioni? Usingizi wa wengi kwa wakati mmoja unatakiwa ukupeleke kwenye kipimo kingine cha Care Compare, asilimia ya wakazi wanaopewa dawa za magonjwa ya akili. Dawa hizo zina wagonjwa wake halali, lakini katika nyumba yenye wahudumu wachache hugeuka kuwa njia ya kuwanyamazisha wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Kaa chumba cha kulia hadi mwisho wa chakula. Mhudumu anayelisha ameketi, au amesimama akiwalisha watu watatu kwa zamu? Sheria inasema isipite zaidi ya saa 14 kati ya chakula cha jioni na cha asubuhi, isipokuwa kama mzee anapewa kitu cha kumshibisha kabla ya kulala, kwa hiyo kama chajio ni saa kumi na moja jioni, uliza kinachotolewa saa mbili usiku na nani anakipeleka vyumbani.

Mwisho zungumza na mhudumu, si na ofisi. Ana mafunzo ambayo kisheria yanaweza kuwa ya saa 75 tu, lakini ndiye atakayekuwa na mama yako kuliko daktari yeyote. Msalimie, na kama ni mtu wa kwetu, ambalo ni jambo la kawaida katika miji mingi ya Marekani, msalimie kwa Kiswahili. Muulize mambo matatu kwa upole: leo una wazee wangapi, umekuwa hapa muda gani, na je, unapangiwa wazee wale wale kila siku? Swali la tatu ndilo lenye siri. Mhudumu anayemjua mzee hutambua kwamba leo amekunywa chai nusu kikombe, kwamba anachechemea mguu wa kushoto, kwamba maneno yake yamechanganyika kuliko jana, na hivyo maambukizi hugunduliwa mapema. Kibarua wa wakala aliyekuja leo tu hana namna ya kujua hayo, hata awe na moyo wa dhahabu. Kwa ofisi acha swali moja: katika miaka mitatu iliyopita mmekuwa na wakuu wa wauguzi wangapi?

Mambo ambayo mzee wetu anahitaji yaulizwe

Mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani. Baba aliyezungumza Kiingereza kazini kwa miaka 30 anaweza kubaki na Kiswahili tu, au na Kikikuyu au Kibembe cha utotoni, na wauguzi wakaandika kwamba haeleweki au ni mkali. Nyumba inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Raia ya 1964, kumpatia mkalimani bila malipo. Uliza ni kwa simu au kwa video, na umwombe muuguzi akuonyeshe anavyompigia. Yule ambaye hajawahi kufanya hivyo atajulikana papo hapo. Mjukuu asigeuzwe mkalimani wa habari za ugonjwa wa babu yake.

Ngozi nyeusi ina hatari yake. Kidonda cha kulala upande mmoja muda mrefu huanza, kwa mtu mweupe, kama wekundu unaoonekana, na wengi walifundishwa kutafuta wekundu huo. Kwenye ngozi yetu mara nyingi hauonekani. Dalili ni sehemu iliyogeuka nyeusi zaidi au ya zambarau, yenye joto au baridi kuliko pembeni yake, ngumu au teketeke ikiguswa. Muulize muuguzi wa vidonda anavyokagua ngozi nyeusi. Atakayetaja kugusa, na si kutazama tu, anaijua kazi yake.

Kuhusu nani atamwogesha mama, usione haya kusema. Mama wa Kiislamu, au mama yeyote aliyelelewa kwa staha, anaweza kukataa kuoga wiki nzima kwa sababu tu aliyetumwa ni kijana wa kiume, kisha faili likaandikwa kwamba anakataa huduma. Sema mapema kwamba anataka mhudumu mwanamke, na udai jambo hilo liandikwe katika mpango wa utunzaji, pamoja na chakula kisicho na nguruwe, nyakati za sala, na uji au ugali mtakaoleta kutoka nyumbani.

Karatasi za kutia saini

Siku ya kumpokea mzee utapewa rundo la karatasi. Mkataba wa kupeleka migogoro kwa msuluhishi badala ya mahakamani si lazima kuusaini ili mzee apokewe, na hata ukiusaini una siku 30 za kuufuta. Vilevile nyumba hairuhusiwi kumlazimisha mtoto awe mdhamini wa deni kwa fedha zake mwenyewe. Saini kama mwakilishi wa mzazi, na uandike hivyo pembeni ya jina lako.

Kipimo hakiishi siku ya kumpokea

Ndani ya saa 48 lazima kuwe na mpango wa awali wa utunzaji, na ndani ya siku 14 tathmini kamili, ambayo hurudiwa angalau kila mwaka, na kati yake tathmini fupi angalau kila miezi mitatu. Omba tarehe ya kikao cha mpango na uhudhurie, hata kwa simu. Ulizia uzito kwa namba: kupungua asilimia 5 kwa mwezi au 10 kwa miezi sita ni jambo la kuitia daktari, siyo la kuambiwa kwamba wazee ndivyo walivyo. Ulizia kila dawa mpya na sababu yake. Nenda saa tofauti tofauti, na uwe na daftari la tarehe, saa, ulichokiona na uliyemwambia, kwa sababu lalamiko lenye saa husikilizwa kuliko lenye hasira. Ndiyo maana, kati ya nyumba mbili zinazokaribiana, mimi ningechagua ile ya dakika kumi kutoka nyumbani kuliko nzuri kidogo ya mwendo wa saa nzima. Mzee anayetembelewa hugeuzwa kitandani kwa wakati.

Anza na muuguzi wa zamu, kisha mkuu wa wauguzi. Wasiposikia, kila jimbo lina ombudsmani, yaani mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi, ambaye huduma yake ni bure na namba yake lazima ibandikwe ukutani, na kuna idara ya ukaguzi ya jimbo inayopokea malalamiko. Kumlipizia kisasi mzee kwa sababu familia imelalamika ni kuvunja sheria.

Kuhama nako kuna gharama: mzee mwenye kusahau huchanganyikiwa zaidi katika chumba kigeni, kwa hiyo nisingehama kwa sababu ya sweta lililopotea. Ningehama kwa kidonda cha pili, kwa jeraha lisilo na maelezo, au kwa nyumba ambayo wahudumu niliowajua wameondoka karibu wote ndani ya miezi michache. Kabla ya siku hiyo omba nakala za kumbukumbu zake za matibabu, ambazo nyumba inapaswa kukupa ndani ya siku mbili za kazi baada ya wewe, ukiwa mwakilishi wake halali, kuziomba, na juu yake weka karatasi moja uliyoiandika mwenyewe: anapenda kuitwa nani, anakunywa chai vipi, analalia upande gani, na ni neno gani la Kiswahili analotumia anapotaka choo.